Kiboko wa Pili wa Nyangwe

Nyangwe, Alhamisi

Wawili, anasema! Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, amerudi kutoka Kabambare, amesikiliza sauti zote nilizorekodi chini ya maji ya Lualaba, sasa anacheka peke yake. Kazi yake ni kuhesabu viboko wa mto huu; huko baharini wanahesabu nyangumi hivi hivi, kwa sauti, bila kuwaona.

"Mudogo yangu, masikio yako iko wapi? Mbele ya safari yangu uliniapia kiboko ni mumoja tu!"

Mimi, ambaye Kasongo yote hakuna masikio kama yangu, nikainama kukunja waya kama mujinga.

Kiboko wa pili ni mimi.

Siku sita nimebaki na mtumbwi na ile maikro yake ya kunasa sauti majini, hakuna mutu wa kuongea naye. Kila jioni yule kiboko anaita, anangoja, anaita tena. Hakuna anayemjibu. Ikanikera. Nikasimamisha bidoni tupu, lile dumu la mafuta, ndani ya maji, nikanguruma mdomoni mwa bidoni, kama tulivyocheza utotoni kijijini Wamaza. Akajibu! Toka hapo tuliongea kila jioni. Naiga vizuri mno, hata mashine imedanganyika.

Lakini kesho Yaya anatuma hesabu. Wakubwa wake wa kazi wakisoma wawili, watasema hao watazaana wenyewe, waacheni. Hakuna atakayemtafutia mwenzake.

Nitamwambia asubuhi. Labda atanifukuza. Atafuta sauti yangu kwenye mashine, abaki yule mumoja.

Sasa hivi kiboko anaita tena. Bidoni iko hapa karibu na mguu wangu. Sijamjibu.