Kiwiko cha Festo

Jumanne, 4 Machi

Suruali za timu bado hazijaisha. Zipu za saizi ile hakuna mtaa mzima wa Mlandege, naweka vifungo. Watanisema. Waseme.

Asubuhi kabla ya kufungua kibanda nimeangalia kwenye simu kipande cha mechi ya besiboli ya Wamarekani. Bado wako kwenye mechi za majaribio, zile wanazocheza baridi ikiwa inaisha kwao. Hazina pointi. Nazipenda hivyohivyo. Jua linawaka, watu wanatafunatafuna, hakuna anayelia akishindwa.

Ila mtupaji mmoja alirusha mpira, akatikisa mkono, akaangalia benchi. Basi. Akatolewa. Siyo wa kwanza msimu huu. Wana madaktari, wana mashine, wana mtu ambaye kazi yake ni kuwakanda tu. Bado viwiko vinachanika. Sielewi.

Wateja wananiuliza hiyo besiboli ni nini. Mmoja anatupa, mmoja anapiga kwa gongo, wengine wanaukimbilia mpira. Nimechoka kueleza. Mimi fundi cherehani, mwanakwaya wa Kilutheri, napenda mchezo ambao mtaa mzima hauujui. Mjapani mmoja aliyekuja kujitolea alitufundisha sekondari. Akarudi kwao, ugonjwa ukabaki kwangu. Nikamwambukiza mdogo wangu Festo.

Alhamisi, 6 Machi

Festo alifunga saluni mchana akaja kula. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mama angekuwepo angempiga kofi.

Nikamuuliza. Kiwiko kinauma kwa ndani, upande wa mbavuni, tangu mazoezi yaliyopita. Kunyoa ananyoa, ila ikifika jioni vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, anaogopa kumkata mtu.

Hajamwambia Mwalimu Sanga, kocha wetu. Jumamosi ya wiki ijayo tunacheza na Mbeya, kwao. Watu wanaochagua timu ya taifa watakuwepo, na kila mtu anajua wanakuja kumwona nani. Hakuna anayetupa kama Festo nyanda hizi zote. Silisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Au ndiyo sababu yenyewe.

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Utaona mwenyewe," nikasema.

Akala akamaliza. Akaniachia sahani yake, akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani leo nimekosea kuingia kwenye ubeti wa pili. Sauti yangu peke yake, kanisa zima kimya. Aibu.

Nilikuwa nawaza viwiko. Jana nilisoma mpaka macho yakauma. Mmoja anasema watupaji wanaumia kwa sababu wanatupa mno. Mwingine anasema wanatupa kidogo mno, mikono haikomai. Mwingine anasema kosa ni kasi, kila mtu siku hizi anataka mpira uende kama risasi. Mwingine anasema hata anayetupa polepole anaumia. Wote wamesoma. Wote wana picha zenye mishale.

Kiwiko kikichanika vibaya wanakupasua, wanatoa kano sehemu nyingine ya mwili, wanaishonea kwenye kiwiko. Kushona nakujua. Kitambaa kilichovutwa mpaka kikalegea hakirudi, unaweka kiraka. Ila mtu si suruali.

Nimwambie Mwalimu Sanga au ninyamaze?

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Sanga. Nimemkuta uwanjani anachora mistari kwa chokaa, mvua imetoka kuifuta ya jana. Nikasalimia kwa Kihehe kama kawaida, kamwene, halafu maneno yote niliyoyapanga njiani yakapotea. Nikasema tu mkono wa Festo ni mbovu.

"Najua," akasema. "Ameniambia mwenyewe jana."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

"Nikamwambia apumzike. Akasema ameshaongea na wewe, dada Rehema, na wewe umemruhusu. Nikaona kama dada mtu amekubali, mimi ni nani?"

Nimeruhusu lini? Nilisema utaona mwenyewe. Hiyo ni ruhusa? Kwetu mtu akisema hivyo anamaanisha hapana. Mama akituambia utaona mwenyewe, tulikuwa tunaacha hapohapo. Lakini Festo ni mtu mzima, ana saluni yake. Labda kwa mtu mzima maana inabadilika.

Ningeweza kumwambia Mwalimu: hapana, sikuruhusu, mtoe. Mdomo ulifunguka. Nikauliza basi linaondoka saa ngapi.

Kwa nini niliuliza hilo?

Ijumaa, 14 Machi

Tuko Mbeya. Mvua tangu Makambako. Festo alilala njia nzima, mkono wake ameulaza juu ya mapaja yangu kama mzigo wa mtu mwingine. Tunalala shuleni, wanawake chumba kimoja. Baridi kali. Suruali zimewatosha wote.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, halafu ukaondoka. Nyasi mbichi. Wachaguzi walikaa kwenye viti vya plastiki, watu wawili wenye makoti. Festo alipopanda kwenye kile kichuguu cha mtupaji hakuniangalia.

Alitupa mpira wa kwanza. Mpokeaji alitoa mkono kwenye glovu akaupuliza. Sijawahi kuona. Wapiga gongo wa Mbeya walikuwa wanapiga hewa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakarudi wakicheka kwa kushangaa. Mpira ulikuwa unafika ukiwa umenyooka, halafu mwishoni unazama kama umeitwa chini. Nimeangalia Wamarekani miaka yote hii. Ule mpira ungepita hata kwao.

Na mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi napiga kelele. Mwongeze! Mwongeze! Sauti yangu, mimi. Nilijua kiwiko kile. Nilijua vidole vile. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Sikuwa dada wa mtu kwa muda ule. Nilikuwa shabiki.

Zamu ya tatu akatupa mmoja ukaenda juu ya kichwa cha mpokeaji mpaka kwenye uzio. Sikusikia sauti yoyote. Mpokeaji anasema yeye alisikia, kama kuni kavu. Festo hakulia. Aliushika mkono wake kwa mkono mwingine, akautazama kama anayejaribu kukumbuka jina lake. Halafu akashuka, akapita mbele ya wale wenye makoti, akasema samahani.

Kwa nini aliwaomba wao samahani?

Mwalimu Sanga akakaa chini kwenye nyasi zenye maji. Mimi bado nilikuwa juu ya benchi.

Jumapili, 16 Machi

Hospitali walipiga picha. Mfupa mzima. Daktari, kijana mpole, anadhani kano ya ndani imechanika, ila ili awe na uhakika kinahitajika kipimo kingine. Asitupe kitu chochote mpaka aambiwe. Kunyoa? Akafikiri. Baada ya wiki kadhaa, taratibu. Kutupa tena? Akasema inawezekana. Nikamuuliza inawezekana ndiyo au inawezekana hapana. Akasema inawezekana, mama.

Wakati wa kurudi, wengine wakaendelea na basi. Sisi tulishuka njiani, Nyololo, kwa mama. Mama aliuona mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Akachemsha maji, akamkanda. Daktari alisema barafu. Festo alifumba macho akasema mama, hapohapo. Nimzuie nani sasa?

Mama aliniuliza jikoni, kwa Kihehe, kama nilikuwepo ilipotokea. Nikasema nilikuwepo. Akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi, 20 Machi

Mlandege. Saluni imefungwa. Wateja wake wanapita kibandani kwangu kuuliza. Nasema anaumwa mkono. Wanauliza alianguka? Nasema hapana. Wananisubiri nieleze.

Jumapili, 23 Machi

Nataka anikasirikie. Hakasiriki. Anakuja, anakula, anasema ahsante dada. Leo nimemwambia: sikukuruhusu, nilimaanisha usicheze. Akasema, "Najua ulimaanisha nini." Nikamuuliza basi kwa nini ulimwambia Mwalimu vile. Akasema alitaka kucheza.

Hivyo tu. Alitaka kucheza. Na mimi nilitaka acheze. Na Mwalimu alitaka. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Sasa kosa nilipeleke kwa nani? Nimelizungusha siku nzima, halikai popote.

Nimeshona shati moja leo, mikono nikaiweka nje ndani. Nimefumua.

Jumamosi, 29 Machi

Festo alisema twende uwanjani tukaangalie mazoezi. Mara ya kwanza tangu Mbeya. Tulifika, mvua nayo ikafika. Vijana wakakimbia, Mwalimu Sanga akabeba magongo akaondoka nayo. Sisi tukabaki chini ya baraza la darasa lililo kando ya uwanja, tumegusana mabega kwa sababu bati linavuja.

Kichuguu cha mtupaji kilikuwa kinaporomoka, udongo mwekundu unatiririka.

Halafu akasema, "Dada, siku ile Mbeya. Kabla. Nilikuwa natupa vizuri?"

Nilijua jibu la dada ni lipi. Nilijua pia la shabiki.

"Vizuri sana."

"Kuliko siku zote?"

"Kuliko siku zote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu akakipima uzito. Akatabasamu kidogo. Sikuelewa kama nimemtibu au nimemuumiza. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Tukaendelea kusimama.