Samaki Wasiopita Kwenye Mizani

S.L.P. 61,
Rasi ya Mierezi,
Jimbo la Washington.
16 Februari, 2014.

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua. U hali gani? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukisimama darasani? Na shemeji Marcus je, na watoto? Huko jangwani kwenu nasikia mwaka huu hata baridi imewasahau. Sisi huku tu wazima, ukiacha kikohozi cha kaka yetu Clayton ambacho hataki kukipeleka hospitali, na magoti yangu ambayo siku hizi yanajua mvua kabla ya redio.

Picha za watoto zimefika, nimezibandika kwenye friji. Na zile pilipili kavu asante. Clayton alitumbukiza moja nzima kwenye supu ya chaza, machozi yakamtoka, akasema wewe unataka kumuua urithi mashua. Anakusalimu kwa hasira.

Sasa nisikuzungushe. Najua umeshaomba likizo ya Mei kwa ajili ya karamu ya kumaliza msiba wa Baba. Usikate tiketi, na kama umeshakata, uliza kama watakurudishia nauli. Karamu haitakuwapo mwaka huu. Nimeshachana karatasi kwa sababu ya sentensi hiyo, basi hii naiacha ilivyo.

Nitakueleza yaliyotokea, maana binamu zetu watakupigia simu na kila mmoja ataongeza chumvi yake.

Yalianza Machi mwaka jana, siku ya kwanza ya kuvua halibati, wale samaki wetu bapa wakubwa. Baba alikuwa bado yupo, amelala sebuleni kwenye kile kitanda cha kukodi, anatazama mashua zikirudi kwa darubini yake. Bahari ilikuwa imetulia na kila mtu alirudi amejaza. Foleni ya kwenye mizani pale gatini ikawa ndefu, na wazee wako ufukweni na ndoo zao wanalowa. Baba akampigia Clayton simu.

"Wewe! Unawaacha wazee wanyeshewe kwa sababu ya mizani? Mizani ina meno ya kula samaki?"

Clayton akageuza mashua, akaitia ufukweni, akagawa. Manahodha wenzake walipomwona, nao wakaja kugawa. Hakuna aliyefikiri anaiba. Ndivyo tulivyolelewa sote, mkono wa kwanza ni wa wazee, na mtu hauzi kabla hajagawa. Baba aliishusha darubini akalala usingizi mzuri siku ile.

Tatizo ni kwamba samaki wale hawakuhesabiwa. Wenye kujumlisha wakaona fungu letu la mwaka bado lina nafasi, tukaruhusiwa siku nyingine mwishoni mwa mwezi, tukavua tena kwa furaha zetu. Kumbe tulikuwa tumeshavuka kiwango. Mwezi uliofuata Baba akatutoka, tukageuza picha zake ukutani, jina lake tukaliweka kando lisitajwe, kama ipasavyo mpaka watu walishwe kwenye karamu, na habari ya samaki wale ikapotea kwenye msiba.

Mwezi uliopita Tume ya nchi mbili inayopanga uvuvi wa halibati ikatangaza kiwango cha mwaka huu. Kimeshuka tena. Wanasema halibati wa siku hizi wamedumaa, umri mkubwa mwili mdogo, na kwa hilo hata manahodha hawabishi. Kiwango cha pwani nzima kikishuka, fungu la makabila yetu ya wenyeji linashuka, na la kwetu lililomo humo linashuka pia. Hayo tuliyategemea. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Tutatoa kwanza chakula cha wazee, kisha samaki wa sherehe, watakaobaki ndio wa kuuza. Katika wale wa sherehe, karamu ya Baba ilitosha bila kumbana mtu.

Halafu tukaenda kwenye mkutano wa makabila. Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kamati ya uvuvi, Nadine, na sijui nani alinidanganya nikakubali. Asubuhi nzima watu wazima wanagombania ratili za samaki ambao bado wanaogelea. Sisi tunasema wenzetu wa kabila la kusini wana mashua kubwa mno, wao wanasema sisi tuna maneno mengi mno, na kahawa ni mbaya.

Mchana, kabla ya chakula, Bibi Thelma akaombwa atuombee. Unajua tangu Mama afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, na popote wanapotaka mzee wa kuheshimiwa wanakuja kumchukua kwa gari. Akaomba vizuri. Halafu, badala ya kukaa, akashika vizuri fimbo yake.

"Sijamaliza," akasema. "Mwaka jana msiba ulinifunga mdomo, basi nasimama leo. Namshukuru Clayton, mtoto wa yule ambaye hatumtaji. Mwezi wa tatu aliniletea halibati wanne pale ufukweni, kabla hajapima hata mmoja. Nimekula mimi, wamekula wajukuu, mifupa nikapika supu. Mkono wako usikauke, mwanangu."

Ukumbi mzima ukaitikia kama ilivyo desturi. Kisha kukawa kimya, kwa sababu Kirsten, yule dada wa hesabu za samaki anayehudumia makabila yote, alikuwa amekaa meza ya mbele na kalamu mkononi.

Nilimtazama Clayton. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajiambia labda haya yatapita. Lakini kwetu, mmoja akisimama kushukuru na wewe uliyekula ukabaki umekaa, utasemwa mpaka kaburini. Akasimama Mzee Ferris, akamshukuru nahodha wake kwa halibati ambaye alishindwa kuingia kwenye karai. Akasimama mjane wa Dale. Wakasimama wengine, mmoja baada ya mwingine, wamevaa vizuri, wanataja watu kwa majina na samaki kwa ukubwa. Na kila aliyetajwa alizidi kuzama kwenye kiti.

Orville, mwenyekiti wa wenzetu wa kusini, akashindwa kujizuia. "Ah, Clayton! Ungetuambia una duka la bure tungekuja na mifuko!" Watu wake wakacheka, wakaanza kupiga meza. "Sisi kwetu tunapima, bwana!"

Hajafunga mdomo, mama yake mzazi, yule kikongwe mfupi, akaegemea meza akainuka. "Na mimi namshukuru mwanangu Orville," akasema, "kwa wale wawili alioniletea kwa mlango wa nyuma."

Hapo ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na ndiyo mara ya mwisho nimecheka hivyo. Kirsten mwenyewe alicheka. Kisha akafuta macho, akaivuta karatasi yake, akaanza kuandika.

Alinifuata wakati wa chakula. "Arlene, pole sana. Nimesikia, siwezi kujifanya sikusikia." Simchukii. Angejifanya hakusikia, mwaka ujao nani angeziamini hesabu zake, au zetu?

Wenye hesabu wakajumlisha, wakakadiria, wakatuuliza, na hakuna aliyekataa, maana kukataa ni kumfanya Bibi Thelma mwongo. Sheria ni kwamba aliyezidisha mwaka jana anakatwa mwaka huu, kila kabila kwenye fungu lake. Samaki wetu ambao hawakupimwa walikuwa wengi kuliko wa wote. Sisi ndio tuliogawa zaidi.

Kwa hiyo ikarudi kwenye kamati yetu: tukate wapi? Chakula cha wazee hakuna aliyethubutu kukitaja. Ukikata wa kuuza, siku ya kwanza ya kuvua inakufa, na wenye mashua ndogo wataikosa Machi yote, na unajua Aprili bahari yetu ilivyo kwa mashua ndogo. Ukikata wa sherehe, mashua zitatoka, lakini hakuna harusi ya halibati mwaka huu, wala karamu ya kumaliza msiba. Familia zenye msiba ni tatu, na mojawapo ni sisi.

Wawili walitaka tukate wa kuuza. Wawili walitaka tukate wa sherehe. Lonnie wa kamati, ambaye hakosi neno, akanigeukia. "Haya Arlene. Kura iliyobaki ni yako, na chungu cha karamu yenu kinakutazama."

Niliomba kutoka kidogo. Clayton alikuwa kwenye gari lake nje, kioo kimefunguliwa nusu, anakohoa.

"Kata karamu," akaniambia kabla sijasema lolote.

"Ni baba yetu, Clayton."

"Najua ni baba yetu. Na vijana wote wale waliogawa, waligawa kwa sababu waliniona mimi. Leo niwaambie wakae nchi kavu ili mimi nilishe wageni? Nitawatazama vipi gatini?"

"Na watu watasemaje? Tumemwacha mzee wetu akae kando mwaka wa pili?"

"Watasema, dada. Hata ukichagua vingine watasema." Akapandisha kioo. Halafu akakishusha tena. "Lakini usiwaambie nimekuomba. Kura iwe yako."

Nikarudi ndani nikainua mkono wangu na wale wa kukata samaki wa sherehe. Lonnie hakuwa na utani tena. Nilikwenda nyumbani nikapita kwenye ukuta wa sebuleni, picha ya Baba imenigeuzia mgongo, na nilitaka kumwomba samahani kwa jina lake, ila bado haliruhusiwi kutajwa.

Shangazi Bernice amenuna. Nilimwambia labda tufanye kwa kuku, au tununue samaki mjini. Akaniuliza, msiba wa mvuvi mnaumaliza kwa kuku, nyinyi? Na samaki wa dukani amegawiwa na nani? Ana haki. Basi tumekubaliana Mei ya mwakani, Mungu akitupa uhai.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Bibi Thelma, asije akaisikia barabarani. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia samaki wa sherehe wamepungua kwa sababu halibati wamepungua baharini. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Mwanangu, usinidanganye, masikio yangu ni mazima. Yule binti aliandika." Akamenya kiazi kizima ndipo akasema tena. "Kwa hiyo nilikosea kushukuru?"

"Hapana, Bibi. Hukukosea."

"Basi mbona aliyekatwa ni baba yako?"

Nikamsaidia kumenya viazi. Nimekaa kwenye mikutano yote hiyo, najua viwango na mafungu na makato, na kwa swali la bibi wa miaka tisini na moja nilishika kisu cha viazi.

Kitu kinachoninyima usingizi hasa ni hiki. Alhamisi ilikuwa chakula cha mchana cha wazee pale ukumbini. Clayton alileta kaa wa kutosha, vijana wakapika, kulikuwa na mikate ya kukaanga, Bibi Thelma alikula vizuri. Tulipomaliza, wapishi wakatoka jikoni wakasimama mlangoni, wanajifuta mikono, wanasubiri kushukuriwa. Sote tukamtazama Bibi Thelma, maana yeye ndiye huanza. Alifuta mdomo, akakunja kitambaa chake, akamwomba mjukuu amletee koti. Mzee Ferris akainamia sahani yake. Hakuna aliyesimama. Wapishi walingoja kidogo, kisha wakarudi kuosha vyombo.

Tangu nizaliwe sijaona chakula kikiisha hivyo kwetu. Nilimfuata Bibi Thelma mpaka kwenye gari nikamwambia, Bibi, kaa hawamo kwenye hesabu ile. Akanipapasa shavu. "Sijui tena vipi vimo na vipi havimo," akasema. "Heri ninyamaze, nisimponze mtoto wa mtu."

Nimechoka, Nadine. Halibati wa mwakani tutawapata, kwa kukatwa au kwa kuomba, na wageni watakula. Lakini wewe unajua karamu inavyokwenda. Watu husimama mmoja mmoja, wanamtaja marehemu kwa jina na kusema alichowapa, ndipo jina linaruhusiwa kurudi nyumbani. Baba maisha yake yote aliwapa watu samaki, na hakumpima hata mmoja wao. Naogopa siku hiyo ikifika watakaa kimya wote wasije wakatuponza, kwa kumpenda.

Nisalimie shemeji Marcus, na umbusu Tessa na mdogo wake. Shangazi Bernice anakusalimu pamoja na kununa kwake. Bibi Thelma anauliza kama huko kwenu kuna mtu anayekupikia supu ya mifupa, nimemwambia hakuna, akasikitika sana. Kama bado unataka kuja Mei, njoo tu. Hakutakuwa na karamu, lakini kitanda chako kipo.

Mungu akuangalie huko kusikofika mawimbi, akupe mgongo mzima na watoto watiifu.

Wako akupendaye, kwa uchovu wote nilio nao,

Dada yako,
Arlene