Jiwe Lililowaka Matombo

Kihonda,
Morogoro.
18 Agosti 2024.

Mpendwa Kaka Benedikto,

Shikamoo kaka. Habari za Bukoba? Kifua cha shemeji Kristina kimepona? Sisi huku ni wazima, na baridi ya mlimani imeanza kulegea.

Nina habari za nyumbani Matombo. Mwezi wa sita baba yako aliokota kipande cha marumaru nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la marehemu mama Anastasia. Alikimulika kwa tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, kikawaka chekundu kama kaa la moto. Mnunuzi wa mawe aliyekuwa akipita akamwambia rubi, kile kito chekundu cha bei, huwaka hivyohivyo. Ni kweli, ila si rubi peke yake.

Nilipofika, shimo la wachimbaji aliowaajiri lilikuwa limebakiza hatua moja kufika kaburini. Msalaba ulikuwa umeng'olewa na kuegeshwa ukutani. Baba mdogo alikuwa ameshaamua kumhamisha mama.

"Anastasia mwenyewe angeniruhusu," aliniambia. "Alivumilia nyumba ya nyasi mpaka anakufa."

Sikubishana naye. Nilimwomba siku saba, nikachukua vipande vitatu kwenda navyo maabara, kazini kwangu.

Vyote vitatu ni kalsaiti, madini yanayounda marumaru. Kile kilichowaka kina metali ya manganizi kidogo sana pamoja na chembe za madini ya risasi. Hizo ndizo zinazotoa ule wekundu. Cha pili kina manganizi pia, lakini kimejaa chuma, na chuma huuzima mwanga. Cha tatu hakina manganizi ya kupimika, ila kilitoa buluu hafifu. Hiyo hutokana na dosari za jiwe lenyewe, nafasi ndogo ndani yake ambazo chembe zake zimekosekana. Rubi haikuwemo.

Nilirudi Jumamosi nikamweleza, lakini hakuamini.

"Baba mdogo," nikamwambia, "rubi haikwaruziki kwa kisu. Jaribu mwenyewe."

Alichukua kisu cha jikoni akakwaruza lile jiwe lililowaka. Likatoa unga mweupe. Akaligeuza, akakwaruza upande wa pili, kisha akatoa mawe mengine mfukoni na kuyakwaruza yote, moja baada ya jingine. Alipomaliza aliketi juu ya kifusi, mikono yake myeupe kama ya mpika maandazi.

"Fukieni," akawaambia wachimbaji.

Msalaba aliusimika mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Aliniambia nikuandikie yote, na lile la kaburi nisilifiche, maana mara tatu amekupigia simu na kila ukipokea anaishia kukuuliza habari za mvua.

Shangazi Judith na Alois wanakusalimu. Mungu akulinde pamoja na nyumba yako.

Nikipata nafasi nitapanda tena Matombo mwisho wa mwezi. Wewe mpigie baba.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Maria wa Mikaeli.