Kona ya Chumba cha Mama

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba cherehani yako imeacha visa vyake. Kifua cha Mama vipi? Mwambie nakula vizuri, asije akaanza maswali yake. Mimi mwili hauna neno, ila moyo hauko sawa. Nimempa shemeji barua hii mkononi ili ikufikie kabla hujatia saini mkataba wa nyumba Ijumaa. Usimwulize kitu, hajui lolote.

Ulinituma nikaikague ile nyumba ya ghorofani kwa sababu, kama ulivyosema, fundi aliyepaka rangi miaka kumi na tano hadanganywi na ukuta. Nilikwenda juzi asubuhi, na nilifanya kazi hasa. Nilifungua mabomba yote, nikavuta maji ya choo mara tatu, nikaweka ndimu sakafuni nione kama itajiendea yenyewe. Ikatulia. Niligonga vigae kwa ufunguo, nikaingiza kichwa chini ya sinki kunusa. Mwenye nyumba, aliyekuwa akinifuata nyuma, alisema hata polisi hawapekui hivyo.

Kasoro zilizoonekana ni zile nilizokutajia kwenye simu: mlango wa jiko unakwaruza chini, kioo kimoja kina ufa, swichi ya ukumbini imelegea. Hayo ni ya kurekebisha mchana mmoja.

Kisha tukaingia chumba cha nyuma, kile chenye jua la asubuhi, ulichomchagulia Mama. Ukuta mweupe, safi kabisa. Nikapitisha mkono kwenye kona ya dirisha, nikahisi kibonde kidogo. Unaijua tabia yangu, dada: kona simalizii kwa mwiko, namalizia kwa dole gumba. Marehemu Baba alinigombeza kwa hilo mpaka akachoka.

Miaka miwili iliyopita msimamizi mmoja alinichukua kwa kazi ya siku mbili katika chumba hichohicho. Jengo lilikuwa la kijani wakati ule, na tuliingilia mlango wa nyuma, ndiyo maana sikulitambua. Kona ile ilikuwa nyeusi kwa ukungu, maana bomba la bafu la juu linavuja ndani kwa ndani. Nilimwambia bomba litengenezwe kwanza. Akanijibu kwamba ameita mpaka rangi, hakuita daktari. Basi nikakwangua, nikapiga plasta, nikafunika kwa rangi ya mafuta. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ukuta unaoza vilevile.

Mwenye nyumba aliona mkono wangu umeganda. Akasogea, akasema kwa upole kwamba mwezi ujao jengo zima litapakwa rangi upya, na anatafuta fundi anayejua kutunza siri. Dada, hapo ndipo nilipokupigia simu nikakwambia chumba cha Mama ni kikavu. Nilikusikia ukimwita Mama kwa furaha, naye akacheka mpaka akakohoa.

Nilikudanganya, dada yangu, na naona aibu. Usitie saini. Ukitaka ushahidi, njoo ubonyeze kona ya kushoto ya dirisha, usawa wa bega langu. Alama ya dole utakayoikuta ni yangu. Ile kazi nimeikataa leo asubuhi. Na habari ya kula vizuri nayo ifute, chakula hakipiti.

Wapwa zangu wabusu wote. Mama mwambie asianze kufunga shuka zake. Kama ameshafunga, msaidie kuzifungua, na umwambie sababu ni mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba wenu