Koti la Kufungiwa Mgongoni

Auburn, Sydney

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi naomba hii uipokee. Nimemtumia Neema aichape stesheneri akuletee mkononi, na nimemwonya asikubali ukimwambia una kazi jikoni. Miguu inaendeleaje na baridi ya Njombe? Viazi mmeshavuna? Mimi ni mzima, mama. Mgongo tu unawasha, na roho haitulii.

Najua dada Neema alikwambia nimeanguka na pikipiki, nawe ukajibu niuze hilo dude, la sivyo nisikupigie tena. Simlaumu Neema. Ila hukuuliza nilianguka vipi, na maneno hayo nimekaa nayo mpaka yamenichosha.

Huku sasa ni miezi ya majani kupukutika. Miti ya mitaani inageuka manjano na nyekundu, kisha inajimwaga barabarani. Watu wanapiga picha. Mimi nayaogopa hayo majani kuliko malori, maana umande ukiyalowesha yanateleza kama bamia. Jioni nako, nikirudi, jua linakuwa limeshuka mgongoni kwangu, linawapiga machoni madereva wanaokuja mbele yangu. Hawanioni kabisa.

Utasema niache, nipande basi. Ghala letu liko Wetherill Park, treni haifiki, na basi la kwanza linafika wenzangu wameshaanza kupakia. Msimamizi hataki maelezo. Aliyechelewa anarudishwa nyumbani, na akizidisha haitwi tena kazini. Bila pikipiki sina kazi, mama. Ndiyo hali.

Sasa sikia nilivyoanguka. Unakumbuka nilipokuwa bodaboda hapo nyumbani? Asubuhi za baridi nilikuwa navaa koti kinyume ili upepo usinipige kifuani, nakuja mlangoni nakugeuzia mgongo, nawe unanifunga vifungo kimoja kimoja huku unanigombeza kwamba sijanywa uji. Basi baridi ilipoanza huku, mikono ikafanya ilivyozoea. Nikalivaa koti kinyume. Chumbani niko peke yangu, zipu iko mgongoni, siifikii. Nikaondoka hivyo hivyo, wazi.

Nilipokaribia kipilefti upepo uliingia kotini, likajaa, likanivuta shingo. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma kulikamata, na ule wa kulia ukabana breki ya mbele juu ya majani. Pikipiki ikaenda huku, mimi kule. Niliburuzika kwa mgongo, na koti la kunikinga lilikuwa limejikunja shingoni. Gari la nyuma yangu lilifunga breki likasimama. Lingekuwa karibu zaidi, barua hii angeiandika mtu mwingine.

Aliyekuja kunichukua ni Papa Shukuru, mzee wa Kikongo ninayefanya naye kazi. Alinipeleka kwake, mkewe akanisafisha mgongo huku nauma meno. Mzee akalishika koti, akaligeuzageuza.

"Weye, juu ya nini ulivaa kinyume?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akanuna ghafla.

"Ku Bukavu na siye tulikuwa tunavaa hivi. Lakini hapa utakufa bure, mutoto wa mutu."

Tangu hapo nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya mapumziko nafagia ua, nikigeuka majani yamejaa tena. Naitoa pikipiki, naifuta, nairudisha, naitoa. Kuna siku niliitangaza kuiuza kwa ajili yako. Kijana mmoja akaja kuitazama, akaipenda, nami nikamwambia nimeghairi. Akaondoka anasonya. Nikakupigia hapo hapo, hukupokea.

Siiuzi, mama. Unisamehe. Ila ile njia ya miti nimeiacha, napita barabara kuu ingawa inazunguka. Breki nabana taratibu kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Mvua ikinyesha na zamu zetu zikalingana, Papa Shukuru ananipitia na gari lake.

Lakini na wewe je? Neema ameniambia ile helmeti niliyokutumia iko juu ya kabati, umeitandikia kitambaa cha kufuma na ndani umechomeka maua ya plastiki. Na kila siku ya soko unapanda bodaboda umekaa upande, kichwani kilemba peke yake. Nikikuwazia kwenye ule mteremko wa matope, nakosea kuhesabu maboksi kazini. Mimi unanikataza dude lile lile unalolipanda wewe! Hasira ninayo, nakwambia wazi, na hofu imeizidi hasira.

Nisalimie baba mdogo na parachichi zake, mwambie picha za miche nimeziona. Nisalimie shangazi, mama wa kwaya, aendelee kuniombea lakini asitangaze kanisani kwamba nimevunjika, sijavunjika. Na bibi mbusu shavu la upande wa sikio linalosikia, umwambie busu ni langu.

Ukimaliza kusoma, panda kwenye stuli, uitoe hiyo helmeti, maua uyatie kwenye chupa. Uivae. Mkanda wa kidevuni akufunge Neema, ukaze. Halafu upokee simu yangu.

Mimi koti nalivaa sawasawa siku hizi, na zipu najifunga mwenyewe.

Mwanao, anayekupigia jioni hii tena,
Tumaini