Baba, Nimechagua Sproketi ya Meno Hamsini na Nane

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa na grisi kwenye kucha. Najua ungecheka, kwa sababu mimi ndiye mwanao aliyekuwa akishika baiskeli yako kwa ncha za vidole kana kwamba ingeuma. Sasa nina pikipiki.

Usishtuke. Sijabadilika. Bado ni karani wa masjala pale mjini Kakamega, na bado naogopa vitu vile vile: mbwa, ngazi, kuitwa na mkubwa bila kuambiwa sababu, na malori ya miwa. Hili la mwisho umenirithisha wewe, uliyekuwa ukishuka kwenye baiskeli na kuingia mtaroni kila trekta la miwa lilipotokea. Lakini mlima wetu unaujua. Mvua za kwetu Kabras zikianza, bodaboda zote zinageuka pale chini kwenye kidaraja, na mtu wa ofisi anafika kazini na matope hadi magotini. Ndipo nikanunua hii ya umeme, ya kupanda milima na kupita matope. Ina miguu mirefu kama korongo na matairi yenye vinundu, na naichaji nyumbani kama simu. Haina mlio wa injini. Mara ya kwanza Mama aliponiona ninaiwasha, aliuliza nitaiwasha lini.

Jambo lililonifanya nikukumbuke wiki zote hizi ni sproketi ya nyuma, lile duara la chuma lenye meno linalozungushwa na cheni. Nilipomsikia fundi akieleza, nilitabasamu, kwa kuwa wewe ulinifundisha zamani juu ya baiskeli, ukaiita frihwili. Ulisema, "Ndogo ni ya kukimbia, kubwa ni ya kupanda. Hakuna ya kufanya yote mawili, hata Ulaya." Basi Ulaya hawajaipata bado, Baba. Pikipiki yangu ilikuja na meno arobaini na nane, na kila mtu akawa na maoni.

Fundi wangu anaitwa Shivachi, ana karakana Shieywe, na anapiga kelele hata akiwa amekaribia sikio lako. Aliniuliza napita wapi. Nikamwambia Malava hadi mjini, lami, kila siku, na malori nyuma yangu.

"Basi tuweke ya arobaini na mbili," akasema. "Karani, utapita lori mpaka dereva adhani ameegesha."

"Na mlima wa nyumbani?"

"Mlima gani? Wewe unaogopanga kila kitu. Hii ni umeme, si punda!"

Nikakubali, kwa sababu nilimwogopa pia yeye. Barabarani, kweli, ilikuwa raha. Kwa mara ya kwanza maishani niliwahi ofisini kabla ya mlinzi kufungua lango. Lakini jioni ile, nilipoingia mlimani kwetu peke yangu, bila mzigo, mota ilianza kunguruma kama mtu anayeinua kitu kizito akiwa amefunga mdomo. Ikapata moto. Taa nyekundu ikawaka, na chombo kikajizima penyewe pale penye mteremko mkali, karibu na kwa akina Mmbone. Nikarudi kinyumenyume taratibu, nikiwa nimekaa vizuri kabisa, hadi kwenye ua wao. Mmbone alitoka na kusema, "Karibu, karani. Lakini watu huingiaga kwa mbele."

Ningeweza kuvumilia aibu hiyo. Ningeacha pikipiki kwenye kidaraja na kupanda kwa miguu. Lakini wiki ile ile, Baba, mke wangu Everline alijifungua.

Ni mvulana. Tumempa jina lako. Ana paji lako la uso, na analia kama yule unayemjua alivyokuwa akilia. Everline alitoka hospitalini akiwa mzima lakini amechoka, na kila nilipomuuliza anataka nini, maji, uji, supu ya kuku, alijibu jambo moja: "Namtaka mama yangu." Mama yetu alijitahidi sana kumtunza, lakini mwanamke aliyezaa kwa mara ya kwanza ana maswali ambayo hamuulizi mama wa mumewe. Mama mkwe wangu yuko Musanda, kule kwenye tambarare ya miwa, na goti lake haliwezi mlima. Bodaboda hazipandi. Kungoja barabara ikauke ni kungoja mtoto aote meno.

Ilibaki pikipiki moja tu inayoweza kujaribu, na mwenye nayo alikuwa mkwewe.

Hapo ndipo nilipokaa kitandani nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuona wewe. Nilikuona siku ile uliyombeba Kukhu, mama wa Mama, kumpeleka zahanati alipovimba mguu. Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye mtaimbo wa baiskeli mbele yako. Watu wa boma zima walikuwa wamesimama wakijiuliza utafanyaje, maana mkwe hampi mkono mama mkwe, hakai naye kiti kimoja, sembuse kumpakia mgongoni kwake kwenye baiskeli. Uliingia ghalani, ukatoka na gunia la mahindi lisilojaa, ukalisimamisha kwenye keria nyuma ya kiti chako, ukalifunga kwa mpira. Kisha ukaangalia pembeni na kusema, "Huu ni ukuta. Mgeni na aketi upande wa pili wa ukuta."

Kukhu akaketi. Na kwa kuwa hamkuruhusiwa kuzungumza ovyo, nilikuwa mimi ndiye simu yenu. "Mwambie baba yako kuna shimo." "Baba, kuna shimo." "Mwambie bibi yako nimeliona." Nawe ulikuwa ukiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, mlima mzima, hata pale ulipokuwa huna pumzi. Nilidhani una furaha.

Everline aliijua hadithi hiyo. Kumbe hata Musanda waliijua. Alipompigia mama yake simu kumwambia kwamba hakuna njia, jibu lilikuja: "Si marehemu baba yao alimbeba mkwe wake kwa gunia? Na huyu atafute gunia."

Basi nikawa na hesabu mpya ya sproketi: uzito wangu, uzito wa ukuta, na uzito wa mama mkwe. Viwili vya kwanza nilivipima. Cha tatu, Baba, mtu anakipataje? Nikamuuliza Everline polepole, nikiangalia dirishani.

"Mama yako ana kilo ngapi hivi?"

Alicheka hadi mtoto akaamka. "Unataka kumuuza?"

"Ni kwa ajili ya meno ya sproketi."

"Andika mia, na usimwambie mtu yeyote kwamba uliuliza."

Nikarudi kwa Shivachi. Nilipomweleza, alizima redio, na sijawahi kumwona akizima redio. "Mama mkwe?" akauliza. "Na gunia? Karani, hapa hatuchezi. Tuweke kubwa kuliko zote." Akatoa ya meno sitini na mbili, pana kama sinia ya ugali. Cheni haikufika, akaunga vipande. Vijana wa karakana walikuja kuiangalia.

Nilichofanya baadaye ungekipenda, kwa sababu wewe hukumwamini fundi mpaka ujaribu mwenyewe. Nilienda mlimani na magunia mawili, moja nyuma yangu na jingine mwisho kabisa mahali pa mama mkwe. Nguvu ilikuwepo, tena ya kuzidi. Niligusa tu mkono wa moto, ule wa kuongeza mwendo, gurudumu la mbele likainuka kama mbuzi anayetaka majani ya juu, na gunia la mwisho likaanguka nyuma, likapasuka. Nilikaa palepale kwenye matope nikiangalia mahindi yakimwagika, nikamwona mawazoni mama mkwe wangu akiwa kwenye matope hayo. Ndogo ingemrudisha kinyumenyume, kubwa mno ingemwangusha.

Nikamwambia Shivachi anataka kunifanya nimuue mtu. Ni mara yangu ya kwanza kumpandishia fundi sauti. Akasema, "Haya, chagua wewe. Wewe ndiye utaulizwa Musanda." Tulishuka hadi hamsini na nane. Nikajaribu na magunia tena na tena, nikafunga fuko la mchanga mbele juu ya taa ili pua ya pikipiki ibaki chini, nikajifunza kuzungusha mkono kama anayetafuta kituo cha redio kilicho mbali. Ilipanda. Taa nyekundu haikuwaka, na gurudumu halikuinuka.

Gharama yake nimeilipa kwenye lami. Kwa meno haya, mota inapiga kelele za mbu na mimi siendi popote. Trekta la miwa lilinipita karibu na Malava, na dereva akanipungia mkono kwa huruma. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukizungusha pedali kwenye tambarare baada ya kubadilisha frihwili kwa ajili ya Kukhu, miguu ikienda kama unasaga mahindi na baiskeli imesimama, na wenzako wakikuuliza unatwanga nini. Ulikuwa ukiwajibu, "Natwanga mlima."

Siku ilipofika, mama mkwe alishuka kwenye kidaraja mvua ikinyunya. Alikuwa na leso mbili, fuko la njugu, na jogoo hai chini ya kwapa. Nilisimama mbali kwa heshima, nikaangalia kidaraja. Yeye akaangalia mto. Watu wote waliokuwa wakingoja mvua ipungue dukani walitoka ili wasikose kitu.

Nilifunga njugu mbele mahali pa mchanga. Nikasimamisha gunia. Naye akazunguka, akalibonyeza kwa kidole kama anayepima embe, akamwambia jogoo, "Ingokho, ukuta wenyewe naona umejengwa vizuri." Akapanda. Sikugeuka kuangalia, ila pikipiki ilikaa chini kidogo, nikajua kwamba Everline alisema kweli juu ya ile mia, labda na chenji.

Tulipoanza mlima niligundua kitu ambacho sikukipigia hesabu. Pikipiki hii ikienda polepole haina mlio. Ya petroli ingetufunika kwa kelele. Hapa nilisikia kila kitu: matope, cheni, jogoo, na pumzi ya mkwe wangu upande wa pili wa mahindi, fupifupi, ya mtu anayeogopa. Naye bila shaka alisikia yangu.

"Ingokho," akasema, "mwambie mwenye pikipiki asikimbie."

Tulikuwa tukienda mwendo wa konokono. "Ingokho," nikajibu, "mwambie mgeni ndiyo mwendo wenyewe."

"Ingokho, mwambie basi asisimame."

Tukafika kwa akina Mmbone, pale pakali. Mmbone alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Pua ya pikipiki ikawa nyepesi. Nilihisi usukani ukitaka kuniponyoka, na mkono wangu ukawa unataka kufanya mambo mawili, kuzidisha moto na kuachia kabisa, na yote mawili yangetuangusha. Sijui ilivyotokea, Baba, lakini nilifungua mdomo na ule wimbo wako ukatoka. Ule ule, kwa sauti mbaya ile ile. Pumzi ikashuka, mkono ukatulia, meno hamsini na nane yakaendelea kuuma mlima moja baada ya jingine.

Kumbe ulikuwa unaogopa! Miaka yote nimekaa nikijua wewe ndiwe uliyekuwa jasiri, nikijiuliza mimi nimetokea wapi. Mtu mwenye furaha haimbi akiwa hana pumzi. Ulikuwa unaogopa, na mtoto mbele yako kwenye mtaimbo asijue, na mkwe nyuma yako asijue.

Yangu nadhani ilijulikana, kwa sababu kwenye ubeti wa pili sauti nyingine iliingia kutoka nyuma ya gunia, nzito, ya mwanakwaya wa miaka mingi. Hatuwezi kuzungumza, lakini hakuna mwiko unaokataza kuimba. Tuliupanda mlima wote hivyo, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili, na jogoo akiingilia panapomfaa. Everline alitusikia kabla hajatuona. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, analia na kucheka pamoja.

Mama mkwe alishuka, akanyoosha leso, akampita kila mtu hadi kwa binti yake, akampokea mtoto, akamtazama. Kisha akamwambia mtoto, kwa kuwa sasa jogoo alikuwa amekwisha kwenda zake jikoni: "Mwambie baba yako amechagua vizuri."

Mama mkwe analala nyumba kubwa kwa Mama, na mchana yuko kwa Everline, na vicheko vinavyotoka mle ndani sivijui ni vya nini, wala siulizi. Shivachi anasema akishaondoka nirudishe arobaini na nane, walau nifike kazini kama mwanamume. Nimemwambia nitafikiria, nikakumbuka kwamba wewe hukuirudisha ile frihwili ndogo hata baada ya Kukhu kupona. Sitaibadilisha, Baba. Atahitaji kurudishwa kidarajani, na atakuja tena. Kwenye lami malori yatanipita, nami nitaingia mtaroni kama ulivyonifundisha.

Lala salama hapo karibu na ghala. Jioni hizi ukisikia mtu anapanda mlima akiimba vibaya na hakuna mlio wa injini, usiamke. Ni mimi narudi nyumbani.

Ni mimi mwanao,
baba wa huyu mwenye jina lako.