Taichi ya Mke Mwenza

Jerusha yawa, nimeaibika leo hapa Macalder mbele ya watu wote!!

Unakumbuka ule utafiti wa 1997 wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole na ya kuvuta pumzi, wa sisi wanawake wenye migongo mibovu ya kuosha dhahabu? Kura ikamwangukia Joyline, mke mwenzangu, afanye mazoezi. Mimi nikawekwa kundi la kukaa tu, ndio watulinganishe.

Sasa daktari amerudi kutusalimia, kichwa chote mvi. Akasema kundi la kukaa lilipona sawasawa na la mazoezi. Miaka yote hiyo hajawahi kuelewa kwa nini!

Nikaangalia chini. Joyline huyo, amesimama!

"Daktari, huyu alikuwa ananichungulia kwa fensi kila asubuhi. Hata ile ya kusukuma hewa alinishinda."

KILA ASUBUHI, Jerusha! Mbele ya pasta!

Daktari akaniuliza, "Mama, kwa nini?"

Nikamwambia, "Mume ni mmoja. Ulitaka mwenzangu anyooke mgongo peke yake?"

Akauliza nani mwingine alichungulia.

Kundi letu lote tukainua mikono. Polepole, pamoja, tukivuta pumzi.